Rekodi za Pembetatu, Karema hadi Inyonga

Mrefu kuliko yote kwetu: mnyororo wa pembetatu za kupimia ardhi unaofuata longitudo ya 30 mashariki, Afrika Kusini hadi Misri, kama kilomita 7,000. Mwenzake wa Ulaya, Tao la Struve, lililotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, lina 2,820 tu. Mwanafalaki David Gill wa Cape Town alitoa wazo la mnyororo wetu mwaka 1879. Pengo la mwisho, huko Sudan, likazibwa 1954. Miaka 75! Kwa kukawia pia mnyororo huu una nafasi yake.

Kipande cha Tanganyika alikipima Martin Hotine, 1931 hadi 1933. Mkabala na Karema longitudo yenyewe imezama katika Ziwa Tanganyika, basi wapimaji wakapanda vilima vya mashariki ya maji. Inyonga iko zaidi ya kilomita 200 kutoka mstari huo, katikati ya miombo. Ufundi ulikuwa huu: pima mstari mmoja chini kwa uangalifu mkubwa, kisha pima pembe tu, urefu mwingine wote hupatikana kwa hesabu. Adui ni pembe nyembamba, maana kosa dogo ndani yake huvimba pembetatu kwa pembetatu.

Pembetatu bora kuliko zote: za Boris Delaunay, mwanahisabati Mrusi aliyekuwa pia mpanda milima hodari. Mwaka 1934 alieleza namna ya kuunganisha nukta ili duara linalopita kwenye ncha za kila pembetatu lisimeze nukta nyingine. Kwa njia hiyo pembe ndogo kuliko zote inakuwa kubwa kadiri inavyowezekana. Leo kompyuta ya mhandisi wa barabara hugeuza vipimo vya ardhi kuwa wavu huo, ikajua udongo wa kukata na wa kujaza.

Mruko mkubwa kuliko yote: karibu mita 300. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, mtoto wa mnyororo ule wa longitudo ya 30. Simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Mfugaji nyuki wa Inyonga akihamisha namba za mahali alizopewa na simu moja kwa moja hadi kwenye ramani hiyo, mizinga yake inaruka. Palipo na mpaka wa hifadhi, mtu halali anaonekana mvamizi.

Na dawa fupi kuliko zote: kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, punguza mita 160, 6 na 302 kwenye mihimili mitatu inayokutana katikati ya dunia.