Uso wa Marehemu Kwenye Negativu: Kuskani Filamu Kunataka Hesabu

Juzi nilikuwa Nairobi kumjulia hali mama mkwe wangu, anayeishi Makina, Kibera. Yeye ni Mnubi, wa ukoo wa wale askari wa King's African Rifles waliopewa makazi pale zama za Mwingereza. Mvua iliyopenya mabati ilimharibia picha zake zote. Ya marehemu mumewe haikubaki hata moja.

Akakumbuka kuwa aliyewapiga picha siku ya Idi mwaka 1984 yu hai, na sasa anakaa Kawangware. Tukamfuata. Mzee yule akafungua sanduku, akatoa bahasha ya negativu sita, nyeusi na nyeupe. Alikuwa hajazitupa miaka yote hiyo.

Tulirudi Kibera tukaingia saiba moja. Skana ilikuwa na taa kwenye kifuniko, na hiyo ni lazima, kwa kuwa filamu husomwa kwa mwanga unaoipenya. Kazi ikaisha kwa dakika moja. Tulipoikuza picha kwenye simu, uso wa mzee ulikuwa vigae vya kijivu.

“Mwanangu, huyu ni nani?” mama akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Kijana aliiacha skana kwenye nukta 300 kwa inchi, kipimo anachotumia kila siku kwa vyeti na vitambulisho. Kwa karatasi zinatosha. Lakini picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24 tu. Kwa kipimo kile, picha nzima hupata nukta 425 kwa 283. Uso wa mzee, wenye milimita 3 kwenye filamu, uliambulia nukta 35.

Ukipandisha hadi 2400, picha ileile hupata nukta 3400 kwa 2267, na uso hupata kama 283. Hapo unaweza kuchapisha picha ya inchi 11 kwa 7 na nusu, ikatoka safi.

Basi mbona tusiweke 9600? Kwa sababu namba kubwa mara nyingi ni za kompyuta kujikisia nukta ambazo lenzi haikuziona. Tafuta kipimo cha lenzi yenyewe. Hata hicho kisikudanganye: skana nyingi za mezani zilizoandikwa 4800 au 6400 huishia undani wa 2000 na kitu. Ukizidisha sana, faili hunenepa lakini uso haubadiliki. Skana maalumu za filamu ndizo zinazofika 4000 kwa haki.

Kuna mengine manne. Filamu iliyojikunja ilaze chini ya kitabu kizito siku kadhaa, kwani ikiinuka kidogo tu picha hupoteza ukali. Ishike kingoni, upulize vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo. Hifadhi nakala ya kwanza kwa TIFF, ya JPEG iwe ya kutuma WhatsApp. Na kama filamu ni nyeusi na nyeupe, zima ile kazi ya kufuta vumbi kwa miale ya infraredi. Fedha iliyo kwenye filamu huizuia miale hiyo, na skana hudhani picha yenyewe ni vumbi.

Siku tatu baadaye tulirudi Kawangware, kwa mpwa wa yule mpiga picha, mwenye skana ya mezani. Tukaweka 2400, tukangoja. Mama akaivuta simu karibu, akagusa shavu la mumewe.

“Hili kovu nililisahau,” akasema.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukipata negativu kwenye kabati la wazazi usizitupe ukidhani ni takataka. Na ukizipeleka kuskaniwa, uliza kipimo kabla ya kuuliza bei. Rahisi huvunja upishi.