Sur: Siku Mbili kwa Saa za Bahari

Mapumziko ya juma nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo safari fupi huanza Alhamisi alasiri, kazi zikishafungwa. Kwa mkaazi wa Maskati aliyechoshwa na magari, Sur iko kilomita kama 200 kusini-mashariki. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara ya pwani, milima ya Hajar upande mmoja, bahari upande wa pili.

Mgeni hukosea anapofika na orodha ndefu ya vivutio. Adhuhuri ya Ijumaa atakuta maduka yamefungwa na jua limetawala barabara. Sur hutembelewa alfajiri, baada ya Alasiri, na usiku.

Utulivu wa mji wenyewe si wa zamani sana. Katika karne ya 19, manahodha wa Sur walishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar wakiwa na tende na samaki mkavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko. Wengine walibeba watumwa. Manowari za Uingereza zilipoanza kuwasaka, baadhi ya wenye vyombo walijipatia hati na bendera za Ufaransa ili wasipekuliwe. Mzozo huo ulifika kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, ambayo mwaka 1905 ilibana utoaji wa bendera hizo. Meli za mvuke nazo zilikuwa zimekwisha kunyakua shehena, na bandari ikapoa.

Ufundi wa kuunda vyombo haukufa. Katika karakana iliyo ukingoni mwa hori, jahazi huundwa kwa utaratibu unaowashangaza waliozoea michoro ya kihandisi: mkuku hulazwa kwanza, mbao za ubavuni hupandishwa kwa kipimo cha jicho, na mataruma hutiwa baadaye kufuata umbo lililokwisha kupatikana. Hapa Sur ndipo msafiri Tim Severin alipoundiwa Sohar mwaka 1980, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kama mtepe wa Lamu, kikafika Guangzhou, China, mwaka uliofuata. Si mbali na karakana imewekwa nchi kavu Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa hapa mwaka 1951 na kurudishwa kutoka Yemen mwaka 1993. Mgeni azunguke nyuma aitazame tezi yake, ambako mafundi wamejaza nakshi.

Ng'ambo ya hori kuna Al Ayjah, mtaa wa nyumba nyeupe na mnara wa taa. Mtu huufikia kwa dakika chache kupitia daraja la kuning'inia. Pakipambazuka, wavuvi huwa wanashusha samaki. Saa mbili baadaye joto huwatawanya watu. Mchana ni wa wali na nguru wa kuokwa, kisha usingizi.

Kaskazini-magharibi, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, yako magofu ya Qalhat, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Msafiri Ibn Battuta alipitia huko baada ya kuzuru Kilwa mwaka 1331. Chombo chake kilitia nanga Sur. Akaiona Qalhat, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu na kiongozi aliyegeuka kuwa mwizi. Alifika miguu imevimba. Wareno waliuchoma mji huo mwaka 1508, na jengo linaloonekana vyema leo ni kaburi la kuba lihusishwalo na Bibi Maryam, aliyewahi kuutawala mji huo.

Usiku wa Ijumaa uachiwe Ras al-Jinz, kilomita kama 40 mashariki mwa Sur. Ni hifadhi ya kasa wa kijani, na watu huingia ufukweni kwa makundi wakiongozwa na walinzi. Kasa jike huchimba shimo mchangani, hutaga mayai mia moja hivi, hulifukia na kurudi majini. Watoto huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Tochi na mwanga wa kamera vimekatazwa kwa sababu inayoeleweka: kitoto cha kasa huitafuta bahari kwa kuufuata upande wenye mwangaza, na taa ya simu yaweza kukipeleka nchi kavu.

Hapo msafiri hulazimika kuchagua. Kasa hutaga mwaka mzima, lakini hujaa zaidi kati ya Mei na Septemba, majira ambayo joto la mchana huweza kupita nyuzi 40. Novemba hadi Machi hali ni nzuri ya kutembea, ila huenda usiku ukapita bila kasa hata mmoja. Wenye watoto wadogo wafuate baridi. Waliokuja kwa ajili ya kasa wavumilie jua na walale mchana.

Jumamosi, njia ya kurudi Maskati hupita Wadi Shab. Boti ndogo huvusha watu, kisha ni mwendo wa miguu kati ya mitende na majabali hadi kwenye vidimbwi, na mwenye kujua kuogelea hupenya ufa mwembamba wa mwamba akatokea pangoni penye maporomoko. Nguo za kuogea ziwe za stara. Mawingu yakitanda milimani, safari hiyo iahirishwe: mvua ya mbali huteremsha mafuriko bondeni kwa ghafla. Badala yake kuna Hawiyat Najm, shimo la chokaa lililobomoka lenye maji ya kijani, ambalo hushukwa kwa ngazi na halihitaji zaidi ya saa moja.