Kocha analaumiwa, lakini nani alichagua wachezaji? Somo kutoka drafti ya Marekani

Ekipe ikipoteza mara tatu, wa kwanza kufukuzwa ni kocha. Watu wanasema: "Ni yeye alituletea hawa wachezaji." Kweli ni yeye? Huku kwetu mara nyingi rais wa klabu na komite yake ndio wanaotafuta wachezaji, kocha anawakuta tu uwanjani. Mwisho wa msimu yeye anapoteza kazi, na waliochagua wanabaki.

Marekani wanabishana juu ya jambo hilo kila mwaka. Faida yao ni moja: kule uchaguzi unafanyika mbele ya watu wote.

Drafti ni nini?

Tunazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa ligi ya NFL, unaochezwa zaidi kwa mikono. Kila mwaka, mwezi wa nne, ekipe zinachagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, kwa zamu, katika raundi 7. Iliyofanya vibaya msimu uliopita inatangulia, bingwa anakuja nyuma. Ekipe zinaweza pia kubadilishana zamu. Kijana hachagui pa kwenda. Mpira wa kikapu nao una drafti yake: ndiyo iliyompeleka Dikembe Mutombo wetu Denver mwaka wa 1991, akiwa wa 4.

Mwaka wa 1996

Mwaka huo kocha wa New England Patriots, Bill Parcells, alitaka mchezaji wa ulinzi. Lakini mwenye ekipe, Robert Kraft, pamoja na mkuu wa kutafuta wachezaji, Bobby Grier, walikata vingine. Walimchukua Terry Glenn, mdakaji wa mipira, akiwa wa 7.

Glenn alidaka mipira 90 msimu wake wa kwanza, na ekipe ikafika fainali, Super Bowl. Ilipigwa na Green Bay 35 kwa 21. Kisha Parcells akaondoka, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyo nguvu ya kuchagua wachezaji aliyonyimwa.

Sasa, Glenn tumhesabie nani? Kocha hakumtaka. Lakini ni kocha huyo huyo aliyemfundisha na kumpanga.

Zamu iliyofuata, ya 8, Carolina Panthers walimchukua Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Canada na kung'ara chuo kikuu cha Michigan. Baada ya mechi chache tu goti likaumia, msimu wake ukaishia hapo. Je, waliomchagua walikosea? Goti halionekani siku ya kuchagua.

Maswali matatu ya kuuliza

*Kwanza: nani anakata neno?* Kwenye ekipe nyingi za NFL ni meneja mkuu. Kocha anatoa maoni tu. Kwingine kocha ndiye anaamua, kama Bill Belichick alivyofanya miaka mingi pale Patriots, kuanzia 2000 mpaka 2023. Mtu kama huyo anabeba sifa na lawama zote mbili. Mwaka wa 2000 alimchukua Tom Brady akiwa wa 199, na wakashinda pamoja Super Bowl 6. Lakini tusizidishe: Patriots wenyewe walichukua wachezaji wengine 6 mbele ya Brady. Hata mwenye jicho kali anasaidiwa na bahati.

*Pili: kuna alama ya kocha?* Kocha asiye na mamlaka anaweza bado kusikilizwa. Jim Harbaugh alipoenda Los Angeles Chargers mwaka wa 2024, ekipe ile ilimchukua Junior Colson, aliyekuwa amecheza chini yake Michigan. Meneja mkuu alikuwa mtu mwingine, lakini alama inaonekana. Alama siyo ushahidi kamili. Inakuonyesha tu pa kuangalia.

*Tatu: ni kuchagua au ni kulea?* Mchezaji mzuri anaweza kuharibika mikononi mwa kocha mbaya, na wa kawaida anaweza kupanda kwa kocha mzuri. Kwa hiyo orodha ya mwaka mmoja haitoshi. Subiri misimu mitatu hivi, na uangalie wachezaji wote pamoja, siyo yule mmoja aliyeng'ara au aliyeanguka.

Na sisi?

Hatuna drafti, lakini maswali ni yale yale. Mbele ya kupiga kelele "kocha aende", wapenzi wa klabu waulize komite: mchezaji huyu aliletwa na nani, kocha aliulizwa, na alipewa muda gani wa kumfundisha? Kama kocha ndiye alichagua na akapewa muda, basi ajibu. Kama hakuulizwa, mtakuwa mnamfukuza kwa makosa ya mwingine, na kocha atakayefuata ataikuta shida ile ile ikimngoja.