Kabla ya kununua diski ya kuhariria video, uangalie kwanza waya

Miongoni mwa mambo ambayo Waswahili tulio ughaibuni tunaulizana mara kwa mara siku hizi, mbali na nauli za ndege na karatasi za ukaazi, ni hili la diski za nje za kuhifadhia video. Yuko anayepiga video za harusi mwishoni mwa wiki ili kuongeza kipato, yuko aliyerekodi simulizi za bibi yake kabla hajatangulia mbele ya haki, na tuko sisi wanahabari tuliolazimika kuondoka nyumbani, ambao kamera na kompyuta ndiyo studio pekee tuliyobaki nayo. Sote swali letu ni moja: tununue diski gani?

Jibu letu, ndugu msomaji, huenda lisimfurahishe mwenye duka. Mara nyingi kinachochelewesha kazi si diski. Ni waya, au ni tundu la kompyuta ambalo waya huo unachomekwa. Na kinachopoteza kazi kabisa ni tabia ya kuiweka yote mahali pamoja.

Hesabu yenyewe ni hii. Zama za mikanda ya miniDV, saa nzima ya video ilichukua takriban gigabaiti 13 tu, na kuichezesha kulihitaji chini ya megabaiti 4 kwa sekunde. Diski yoyote iliweza, hata kupitia USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000. Leo simu ya iPhone ya daraja la Pro ikirekodi video ya 4K kwa mfumo wa ProRes inakula karibu gigabaiti 6 kwa dakika moja. Dakika mbili na ushei, basi, zinajaza nafasi iliyokuwa ikitosha saa nzima ya mkanda. Ukirekodi 4K ya kawaida mzigo unapungua sana, lakini anayetaka kurekebisha rangi vizuri hataki ya kawaida.

Inafaa kukumbuka kwamba kwenye maboksi kasi huandikwa kwa biti, ilhali mafaili yetu tunayahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Hizo megabiti 480 za USB 2.0 ni megabaiti 60 kwenye karatasi, na katika kazi halisi unapata 35 au 40 hivi. USB 3.0 ya mwaka 2008 ni gigabiti 5, na hapo unaweza kufikia megabaiti 400 na kitu. Baadaye wenye mamlaka ya USB waliibatiza upya mara mbili, ikawa 3.1 Gen 1 kisha 3.2 Gen 1, lakini ni ile ile. Hatujui nani alifaidika na vurugu hiyo ya majina, ila mnunuzi hakufaidika. Kwa hiyo usisome jina, soma namba: gigabiti 5, 10, 20 au 40. Thunderbolt 3 ya mwaka 2015 na Thunderbolt 4 ya mwaka 2020 zote ni 40. Hiyo ya 20 ya USB ina mtego wake, kwani kompyuta nyingi za Mac zenye Thunderbolt 3 na 4 haziikubali, hivyo diski uliyoilipia kwa 20 hushuka hadi 10.

Mtego mkubwa zaidi ni lile tundu dogo la mviringo, USB-C. Wengi wanadhani USB-C ni kasi. La hasha, ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo hilo mnaweza kupita gigabiti 40, au megabiti 480 za mwaka 2000. iPhone 15 Pro ilipotoka mwaka 2023 ilisifiwa kwa uwezo wa kurekodi moja kwa moja kwenye diski ya nje, lakini waya uliokuja ndani ya boksi lake ulikuwa wa kasi ya USB 2. Anayetumia waya huo wa kuchajia kuhamisha gigabaiti 200 atasubiri zaidi ya saa moja na nusu, na kosa atalitupia diski.

Kupima ni rahisi. Chukua faili moja la gigabaiti 10, lihamishe kwenda kwenye diski, na utazame saa. Likichukua dakika nne au tano, kuna USB 2 mahali fulani njiani: badilisha waya, kisha badilisha tundu. Kwa SSD nzuri kwenye njia ya gigabiti 10, kazi hiyo huisha kwa sekunde chache.

Aidha, lazima tutofautishe diski za aina mbili. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma, nayo hutoa megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde endapo inasoma faili moja kwa mfululizo. Video ya harusi iliyopigwa kwa kamera tatu si mfululizo. Programu inataka kamera zote tatu kwa wakati mmoja, kichwa kinarukaruka huku na kule, na picha inakwama biharusi anapoingia, ingawa kwa hesabu ya megabaiti peke yake diski ilipaswa kumudu. SSD haina kichwa cha kurukaruka. Kwa kuhariri, SSD ya kawaida ya njia ya gigabiti 10 inawatosha wengi wetu, na Thunderbolt tuwaachie wanaolipwa kwa kazi ya sinema.

Asiye na uwezo wa kununua SSD asikate tamaa. Programu kama DaVinci Resolve, hata ile ya bure, hutengeneza nakala nyepesi za video. Unahariri kwa hizo nyepesi kwenye diski yako ya zamani, na mwishoni programu inarudi yenyewe kwenye video asilia.

Jihadharini pia na diski za SSD zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, zikidai terabaiti 16. Nyingi zilipofunguliwa zilikutwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani. Diski kama hiyo huonyesha nafasi ambayo haipo, hupokea mafaili kwa adabu, kisha huandika mapya juu ya yale ya zamani. H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux ni programu za bure zinazofichua uongo huo kabla hujaweka kitu cha maana.

Sasa tuje kwenye lile zito zaidi. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi nchini Burundi, vituo vya redio binafsi vya Bujumbura vikiwemo RPA, Bonesha na Isanganiro vilishambuliwa na mitambo kuharibiwa, na waandishi wengi wakakimbilia nje. Anayefanya kazi ya habari katika mazingira kama hayo hana nafasi ya kurudi kumrekodi shahidi mara ya pili. Kwa hiyo, kama fedha zinatosha SSD moja ya kasi ya kutisha au SSD ya wastani pamoja na diski ya sahani, sisi tunachagua hizo mbili. SSD ni ya kuhariria, ile ya sahani ni ya kuhifadhia, na isikae nyumba moja na mwenzake. SSD haifai kufungiwa kabatini miaka mingi bila umeme, kwani inaweza kupoteza kilichomo.

Je, nakala hiyo ya pili tuipeleke kwa intaneti? Gigabaiti 100 kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 22, kama laini haikukatika. Ndiyo maana diski bado inasafiri ndani ya begi la mtu. Iandaliwe kwa mfumo wa exFAT, unaosomeka na kuandikika kwenye Windows na Mac, na isichomolewe ghafla, maana exFAT huharibika upesi. Mafaili yenyewe yafungwe kwa neno la siri kwa programu kama VeraCrypt, ambayo ni ya bure, na neno hilo lipite njia nyingine.

Aliyebeba naye aambiwe kilichomo. Nchini Uingereza, sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 inawaruhusu maafisa kumhoji msafiri uwanja wa ndege na kukagua vifaa vyake, na mwaka 2017 Muhammad Rabbani wa shirika la CAGE alitiwa hatiani kwa kukataa kutoa maneno ya siri ya simu na kompyuta yake. Jirani anayekufanyia hisani ya kubeba kifurushi anastahili kuamua mwenyewe, kabla ya kufunga begi, kama yuko tayari kwa maswali hayo.