Kabla Hujatuma Noti Kwenye Grupu

Jamani, ukikoleza maandishi na kuyakuza, wewe unaona kichwa cha habari, kompyuta haioni. Mwenzetu asiyeona anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti. Kwenye PDF akibonyeza H, inamrusha kichwa hadi kichwa, ila ni pale tu vichwa vina lebo. Bila lebo atazisikiliza kurasa 40 mstari kwa mstari, na mtihani ni kesho.

Kwa hiyo kwenye Word chagua mtindo wa kichwa, andika maelezo ya kila picha, kisha hifadhi kama PDF. Usipitie njia ya kuprinti, lebo zitapotea. Noti ulizopiga picha kwa simu? Hizo hazina lebo kabisa.

Mimi nasomea ualimu: noti asizoweza kuzisoma mmoja wetu hazijafundisha darasa.