Je, Wajua? Gome la Mti Ndani ya Chembe

Dawa ya saratani iitwayo paklitakseli ilitokana awali na gome la mti wa yew, unaoota kwenye misitu ya magharibi mwa Marekani. Gome hilo lilichukuliwa mara ya kwanza mwaka 1962. Mti wa miaka 100 ulitoa dawa ya dozi moja tu, kisha ukafa. Siku hizi miti hiyo imepumzika: dawa hutengenezwa kwa njia nyingine.

Shida ya dawa hiyo ni moja: haiyeyuki kwenye maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Basi kwa miaka mingi iliyeyushwa kwa kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, naam, mbarika huuhuu uotao pembezoni mwa njia. Kimiminika hicho kiliwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali, kwa hiyo wagonjwa walipewa kwanza dawa za kuuzuia. Dripu ilichukua saa 3.

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha Abraxane, aina mpya ya dawa hiyohiyo. Humo dawa imefungwa ndani ya chembe za albumini, protini iliyomo katika damu ya binadamu. Kila chembe ina upana wa takriban nanomita 130. Zipange 500 sambamba, bado hazifikii unene wa unywele mmoja! Dripu yake: dakika 30.

Manjano ya jikoni nayo yanachunguzwa kwa njia hiihii ya chembe, maana mwili huyafyonza kidogo mno. Hayajawa tiba. Usiache dripu kwa ajili ya chai ya manjano.