Sly Cooper Mtaani Makongeni: Yapi Kweli, Yapi Uongo?

Ukipita kwenye vibanda vya gemu vya Makongeni, hapa Thika, foleni ni ya mpira, kelele ni za mpira, na ugomvi pia ni wa mpira. Lakini wapo waliokua wameshika pedi ya PlayStation 2, na hao ukiwachokoza kidogo watabishana hadi kibanda kifungwe kuhusu mwizi mmoja mwenye mkia wa pete na kofia ya buluu. Sly Cooper alitoka mwaka 2002, kazi ya kampuni ya Sucker Punch ya jimbo la Washington, Marekani. Ni gemu ya kunyemelea: unapita juu ya mapaa, unakwepa tochi za walinzi, unaiba, unatoweka. Wahusika wote ni wanyama. Madai juu yake ni mengi, na si yote yanayosimama.

"Kunyemelea kunachosha. Ni kupoteza pesa tu."

Uongo, ingawa ukijua msemaji alichezea wapi, utamwelewa. Mpira unalipia mechi, na mechi ina mwisho wake. Sly unalipia saa, na saa haimngoji mtu. Kijana amejibanza nyuma ya pipa, anasubiri mwanga wa tochi upite. Nyuma yake wamejazana wenzake wanaongoja zamu: "Si uingie tu! Unaogopa nini?" Anaingia. Pigo moja, amekufa.

Hivyo ndivyo gemu ya kwanza ilivyopangwa. Sly hana mstari wa uhai pale juu ya skrini. Pigo moja linammaliza, isipokuwa awe na hirizi ya kiatu cha farasi, nayo huipati mpaka ukusanye sarafu 100. Mlinzi naye, mara nyingi, huangushwa kwa pigo moja tu. Kwa hiyo mwenye kumwona mwenzake kwanza ndiye mshindi, na kusubiri ndiyo silaha yenyewe. Katika hatua nyingi zimefichwa chupa zenye dokezo. Ukizipata zote, sefu inafunguka na ndani yake mna ukurasa wa kitabu cha ukoo unaokufundisha mbinu mpya. Mtu wa haraka hazioni chupa hizo, na mbinu hazipati.

Kisha kuna suala la memori kadi. Ile ya PS2 ilikuwa na nafasi ya megabaiti 8, ikatosha kuhifadhi safari nzima, lakini kibandani huenda haipo, au ipo na imejaa mpira. Stima ikipotea, unarudi mwanzo: kituo cha polisi cha Paris, halafu kisiwa cha yule chura Raleigh. Wengi wamevicheza vipande hivyo viwili tena na tena bila kufika kwa mhalifu anayefuata, Muggshot, sembuse China au Urusi. Maoni mengi ninayoyasikia juu ya gemu hii ni maoni juu ya nusu saa yake ya kwanza.

"Sly ni mbweha."

Uongo. Mbweha ni Carmelita Fox, inspekta wa Interpol anayemwinda. Sly ni rakuni, mnyama wa Amerika Kaskazini ambaye huku kwetu hayuko. Kosa lenyewe si la ajabu. Anayefanana naye usoni hapa Kenya ni fungo, ambaye pia ana utepe mweusi machoni kama barakoa.

"Sly Raccoon na Sly Cooper ni gemu mbili tofauti."

Uongo. Gemu ni ileile. Huko Ulaya, gemu ya kwanza iliuzwa kwa jina la Sly Raccoon. Ukinunua zote mbili umenunua kitu kimoja mara mbili.

"Inafundisha watoto wizi."

Hili ni la wazazi, na haliishi kwa kulicheka. Hadithi ni hii: genge la wahalifu watano linamuua baba yake Sly na kugawana kurasa za kitabu cha ukoo wao wa wezi. Sly analelewa kwenye makao ya mayatima, anapata marafiki wawili, kobe Bentley na kiboko Murray, kisha anakwenda kuzidai kurasa zake. Anawaibia wahalifu pekee. Mpita njia hamgusi.

Lakini tusijifanye hatuoni. Katika gemu ya pili Sly anamnyatia mlinzi kwa nyuma, anaingiza ndoano ya bakora mfukoni mwake, anachomoa sarafu moja baada ya nyingine, na mali anayoipata anaiuza kwa wezi wenzake mtandaoni. Aliyewahi kuchomolewa simu steji akishuka matatu hatacheka sana. Hata hivyo, Sungura na Abunuwasi tumewasoma tangu shule ya msingi, na kazi yao ilikuwa ileile: mdogo kumzidi mkubwa akili, mara nyingi kwa mali isiyo yake. Sijasikia mzazi akidai Abunuwasi apigwe marufuku. Hukumu yangu: uongo, ila mzazi anayekaa pembeni na kuuliza "huyo unayemwibia ni nani?" ana haki ya kujibiwa.

"Ya pili ndiyo bora kuliko zote."

Kweli, na hapa niko upande wa foleni. Wahakiki nao hawako mbali: kwenye Metacritic ya kwanza ina 86 na ya pili, iliyotoka 2004, ina 88. Tofauti yenyewe ni ndogo. Kilichobadilika ndicho kikubwa. Badala ya njia moja iliyonyooka, unapewa mtaa mzima, Paris au Prague au India, uzunguke utakavyo. Kila sura ni maandalizi ya wizi mmoja mkubwa. Unapiga picha za jengo, Bentley anawaonyesha wenzake mpango kwa slaidi, mnagawana kazi ndogondogo, ndipo siku yenyewe inafika na mambo yanakwenda kombo. Bentley na Murray sasa unawacheza wewe mwenyewe.

Lakini kuna kilichopotea. Ya pili ilileta mstari wa uhai, na woga wa pigo moja ukaondoka. Wanaoipenda ya kwanza kwa sababu hiyo hawajakosea.

Wasemao Bentley ni mzigo ndio waliokosea. Mwishoni mwa gemu ya pili anavunjwa miguu, na katika ya tatu, ya mwaka 2005, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna anayemhurumia. Kiti kinaruka, kina vifaa vya kazi, na mpango bado unatoka kichwani mwake.

"Ya nne iliharibu kila kitu."

Nusu kweli. Thieves in Time ya 2013 haikutengenezwa na Sucker Punch bali na Sanzaru Games, na ilitoka kwenye PS3 na Vita. Ina sura nzuri ya Uarabuni ya kale, ambamo babu wa Sly, Salim al-Kupar, ni mmoja wa wezi arobaini wa hadithi ya Ali Baba. Ubaya wake uko mwishoni: Sly anapotea, kisha anaonekana kwa sekunde chache akiwa Misri ya Mafarao, na hadithi inakatika hapo. Kama umelipia saa nyingi kufika pale, una haki ya kukasirika.

"Bila PS2 huwezi kuzicheza tena."

Uongo. Tatu za kwanza zilitolewa pamoja kwa PS3 mwaka 2010, na tangu 2024 zimo kwenye PS4 na PS5, ambako unaweza kuhifadhi mahali popote na hata kurudisha mchezo nyuma ukikosea.

"Sly 5 iko njiani, na filamu pia."

Uongo. Filamu ilitangazwa 2014, ikaahidiwa kwa 2016, haikutoka. Kipindi cha televisheni kilitangazwa 2017, nacho hakikuonekana. Mwaka 2022 Sucker Punch walitamka wazi kwamba hawatengenezi Sly mpya, wala hakuna studio nyingine inayofanya kazi hiyo. Wao wako na gemu za Ghost of Tsushima na Ghost of Yōtei. Ukiuziwa diski iliyoandikwa Sly 5, dai pesa zako kabla hujatoka kibandani.